Kuchemka si kuiva: kwa wote mnaopika vya kuchemsha kambini, hasa mlimani

Mgumu wa Machame (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Alhamisi naingia mlimani. Hapa nilipo niko jikoni kwangu Moshi, nachambua maharage kwenye ungo, nikaona kabla sijaondoka niliandike hili, maana kila msimu nakuta vijana wanarudia kosa lililotupata sisi. Nilianza kama mgumu, ndivyo tunavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Sasa ni mpishi, mwaka wa tisa huu.

Ilikuwa safari yangu ya tatu, njia ya Machame, usiku wa pili, kambi ya Shira. Pale ni kama mita 3,850 juu ya usawa wa bahari. Chakula cha wageni kilitoka mapema. Chetu kilikuwa ugali na maharage, yale mekundu makubwa, yametoka kwenye mfuko yakaingia kwenye sufuria bila kulowekwa. Yalibandikwa saa tisa alasiri. Saa moja usiku yanachemka bado, povu linapanda, hema la jiko limejaa mvuke mpaka humwoni mwenzako, na ukiuma punje moja inagoma kama kokoto. Saa mbili mpishi akasema gesi ikiishia hapa huko juu tutapikia nini, akaipua. Tukala hivyohivyo. Mtu aliyebeba kilo 20 tangu asubuhi hachagui.

Saa tano usiku mwenzangu niliyelala naye ubavu kwa ubavu akaanza kutapika. Akafuata wa pili, hadi wakafika wanne. Kiongozi wetu akasema ni ugonjwa wa mwinuko, wawili waliozidiwa wakashushwa usiku uleule na taa za kichwani. Simlaumu, kwa alichokijua alifanya sawa kabisa. Lakini wale wawili waliobaki, ilipofika alfajiri walikuwa wazima na uji walikunywa. Walioshushwa walikosa malipo ya siku zote zilizobaki. Mmoja wao alikuwa amepanga hela ile ni ya ada ya mdogo wake. Hilo halijanitoka hadi leo.

Miaka miwili baadaye nilihudhuria mafunzo ya upishi pale mjini, mwalimu wa lishe akatuambia kwamba maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, aina ya lektini, na punje chache tu ambazo hazijaiva zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa moja hadi tatu. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka kwelikweli, nyuzi joto 100, si chini ya dakika kumi, na wengine hushauri nusu saa kwa usalama zaidi. Ukiyapika kwa joto la chini, nyuzi 80 hivi, sumu inaweza hata kuzidi kuliko ya maharage mabichi. Nilikaa kimya darasani, namwona yule mwenzangu amekunja magoti nje ya hema.

Kwa sababu maji ya Shira hayafiki nyuzi 100, hata uyachemshe mpaka kesho. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema kabla hayajapata joto la kutosha. Kila mita 300 unapoteza kama nyuzi moja. Dar es Salaam ni 100. Hapa Moshi kama 97. Kambi ya Horombo, mita 3,720, ni kama 88. Kambi ya Barafu, mita 4,673, hata 85 ni taabu. Kileleni Uhuru, mita 5,895, yangechemka kwenye 80.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaona chakula hakiivi, wanaongeza moto. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuongezi joto hata chembe, kunaongeza mvuke tu. Unachoma gesi, maji yanakauka, maharage yako palepale. Povu na mtokoto vinakudanganya macho.

Ombi langu ni moja. Maharage makavu yasipande mlimani yakiwa mabichi. Yapike nyumbani.

Karibuni mniulize au mnisahihishe.

Kijana wa Kambi

Mkuu heshima yako, uzi wa maana sana huu. Mimi na wenzangu watano tunaenda Lushoto mwezi ujao, usiku tatu, mara yetu ya kwanza. Tulipanga viazi, mayai, maharage na mahindi ya kuchoma na kuchemsha. Kwa maelezo haya maharage tuache?

Mgumu wa Machame

Msiache mdogo wangu. Lushoto ni kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye 95 hivi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji uliyolowekea, osha, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu nusu saa nzima ndiyo upunguze moto, kisha yaendelee hadi punje ibonyee yenyewe kati ya ulimi na kaakaa. Ile nusu saa usiikate. Na nyanya, ndimu na chochote kichachu kiingie maharage yakiwa tayari laini. Ukiweka nyanya mwanzoni ngozi inakaza na utakesha.

Mkitaka kupumua zaidi, chukueni choroko au kunde. Zinaiva haraka kuliko maharage na hazina hatari kubwa kama maharage mekundu.

Mama Makande

Mwanangu Mgumu, hongera kwa kutufikiria. Mimi ni mpishi wa shule, sijawahi kupanda mlima, lakini makande nimepika maisha yangu yote. Sisi tukiona mahindi na maharage yanakaidi tunatia magadi kidogo, kwa ncha ya kijiko, na yanalainika vizuri. Je hamtumii magadi huko juu?

Mgumu wa Machame

Shikamoo mama. Tunatumia, na wala hujakosea, magadi yanalegeza ngozi ya punje. Ila mama hapo ndipo ninapowaomba watu wawe makini. Magadi yanalainisha, hayaongezi joto la maji. Unaweza kupata maharage laini mdomoni ambayo hayakufikia joto la kuvunja ile sumu. Kwenye jiko lako la shule huko bondeni hakuna shida, maji yako ni moto wa kutosha. Kwetu huku ulaini peke yake hautoshi kuniridhisha.

Mama Makande

Marahaba baba. Nimekuelewa. Basi fanyeni hivi: yachemsheni nyumbani yaive kabisa, myachuje, myaanike kwenye chekecheo juani yakauke kakaka kabla ya kufunga. Yakikauka yanarudi kuwa mepesi, na mkifika huko mnamwagia maji ya moto, yanarudi laini baada ya muda mfupi. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo na kunde msimu wa njaa. Yasifungwe yakiwa na unyevu, yatavunda.

Mgumu wa Machame

Mama, hili la kuanika ni dhahabu. Mimi hubeba ya kuchemsha yenye majimaji, na tabu yake ni mbili: uzito, kwa sababu mizigo inapimwa getini na mgumu harusiwi kuzidisha kilo 20, na pili siku ya kwanza bado kuna joto huku msituni, yanaweza kuchacha kabla hatujafika kwenye baridi. Ndiyo maana ya kwangu yanaliwa usiku wa kwanza au wa pili tu. Safari hii nitajaribu nusu kwa njia yako.

Mtembezi wa Nanyuki

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Mimi hupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Kambi ya Old Moses ni mita 3,300 na ya Shipton's ni 4,236. Githeri, yaani makande ya kwetu, tunaichemshia nyumbani, hiyo tulijifunza zamani kwa wazee. Nduma pia, yaani magimbi, tunazibeba zimeiva, asubuhi mtu anakula na chai tu. Lakini kuna kitu kinanisumbua miaka yote. Viazi, hizi waru za kawaida, pale Shipton's nimechemsha saa nzima na katikati bado vinauma jino. Mchele kwenye jiko lilelile unaiva. Ugali nao unaiva bila shida. Kwa nini?

Mgumu wa Machame

Ndugu yangu wa Nanyuki, swali hili nililiuliza mimi pia na jibu lake ndilo limenibadilisha upishi wangu wote.

Wanga wa unga wa mahindi unaanza kuvimba na kuiva kwenye nyuzi 62 hadi 72 hivi. Maji ya Barafu ni 85, kwa hiyo bado una akiba. Halafu unga ni laini, joto linaufikia wote kwa mara moja. Ndiyo maana ugali unasonga Barafu kama unavyosonga Moshi, unauacha tu ujitokose kidogo zaidi kabla ya kuugeuza mara ya mwisho. Watu husema wagumu wanakula ugali kwa kuwa ni chakula cha bei nafuu. Ni kweli ni nafuu, lakini pia ndicho chakula ambacho mlima haukishindi. Uji nao hivyohivyo. Mchele unafuata, wanga wake nao hauhitaji joto kubwa, mpe tu maji zaidi na muda zaidi.

Kiazi ni kingine. Wanga wake unaiva, lakini kuna ile gundi inayoshikanisha nyama yake, yenyewe inataka joto la juu zaidi ndiyo iachie. Kwenye 86 ya Shipton's inaachia polepole mno. Ndiyo unapata kiazi kilichoiva nje na kigumu ndani. Dawa yake ni kisu. Usikichemshe kizima. Kata vipande vya ukubwa wa ncha ya dole gumba, vyote saizi moja, funika, na utaona vinaiva. Mimi kutoka Shira kwenda juu sipiki kiazi kizima kabisa. Mtori nao, ndizi nazikata nyembamba kama sarafu.

Mtembezi wa Nanyuki

Saizi ya dole gumba. Asante sana, nimelipata. Mwezi ujao nitajaribu.

Mvuvi wa Tanga

Assalam alaykum jamaa. Mnazungumza mlima tu, na sisi wa bahari tuna kambi zetu tangu enzi na enzi. Tukienda dago tunakaa kisiwani siku kumi, kumi na tano, hema ni tanga la chombo na jiko ni mafiga matatu. Chakula chetu ni muhogo wa kutokosa na samaki wa chukuchuku.

Kisiwani maji baridi ni ya kubeba kwa madumu, hayachezewi. Basi muhogo twautokosa kwa maji mchanganyiko, kopo moja la bahari kwa makopo matatu ya maji baridi. Chumvi yake inakuja yenyewe, sawasawa. Samaki, changu au tasi, akishaparuliwa anakatwa vipande viwili vitatu, anaingia kwenye maji kidogo sana yanayomfikia kiunoni tu, chumvi, pilipili mbichi ya kupasua, kitunguu kikiwepo, na ndimu mwishoni baada ya kuepua. Usimkoroge, tikisa sufuria kwa mkono. Jicho likigeuka jeupe na nyama ikiachana na mwiba kwa kidole, mtoe. Hapo muhogo unachovya kwenye yale maji ya samaki. Mtu aliyelowa tangu alfajiri akinywa vikombe viwili vya supu hiyo anarudiwa na damu mwilini.

Tahadhari yetu sisi iko kwenye muhogo. Muhogo mchungu si wa kutokosa, huo ni wa makopa, una taratibu zake za kuroweka na kuanika. Ukiwa ugenini na umenunua muhogo usioujua, onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi. Ukiwa mchungu, acha, tema. Hata ule mtamu, menya mpaka ngozi ya ndani ile ya waridi itoke yote, chemsha bila mfuniko, na maji uliyochemshia mwaga.

Kijana wa Kambi

Alaykum salaam, mzee. Hiyo chukuchuku nimeitamani nikiwa kwenye daladala.

Mzoefu wa Kibo

Mimi naomba nipingane kidogo na mleta uzi, kwa heshima. Nimepanda mara sita na kampuni tofauti, nimekula maharage kambi za Barafu na Kibo, sijaumwa hata siku moja. Na wapishi wengine huweka jiwe juu ya mfuniko, presha inapanda, yanaiva. Tusiwatishe watu.

Mgumu wa Machame

Mkuu, umefanya vizuri kupinga, ndiyo faida ya uzi. Maharage uliyokula huko, nina hakika yalitoka bondeni yakiwa yameiva au ya kopo, ambayo nayo huwa yameshapikwa kiwandani, au mpishi alikuwa na presha kuka. Wapishi wengi wazuri tunapanda nayo siku hizi, na hilo ndilo jibu la kweli kwa maharage ya juu. Presha kuka ikifungwa vizuri, hata Barafu joto la ndani linapita nyuzi 110. Mvuke haupati pa kutokea, maji yanalazimika kupata moto zaidi.

Jiwe juu ya mfuniko linazuia mvuke usipotee, linakuokolea gesi na maji, na mimi hulitumia. Lakini sufuria la kawaida linavuja pembeni pande zote. Joto halipandi kwa kiasi cha kuhesabika. Asilitegemee mtu kwa maharage.

Na sikutaka kumtisha yeyote. Ila niliona watu wanne wanatapika.

Muuguzi wa Zamu

Naomba niongeze kama mhudumu wa afya. Mleta uzi amegusa jambo kubwa zaidi ya maharage: kutapika mlimani kunaweza kuwa chakula na kunaweza kuwa mwinuko, na kosa lina gharama. Ukiona watu kadhaa waliokula sufuria moja wameanza ndani ya saa chache baada ya kula, fikiria chakula. Ukiona mmoja ana kichwa kikali, anayumba akitembea, anaongea visivyoeleweka, au anakosa pumzi akiwa amekaa, huyo usisubiri kuche. Na ukiwa na shaka, mshushe. Kiongozi wa wakati ule alikosea sababu, hakukosea uamuzi.

La pili ni maji ya kunywa. Yakichemka kwa nguvu dakika moja yanatosha huku chini, ila ukipita mita 2,000 yaache dakika tatu.

La tatu nalisema kwa uchungu. Msipikie ndani ya hema mnalolalia, na msiingize jiko la mkaa humo kwa ajili ya kuota moto usiku. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasinzia na haamki. Jiko lifanyieni kazi nje au kwenye hema lake lenye pande zilizo wazi, na kama mnasikia baridi, jazeni maji ya moto kwenye chupa imara, ifungeni soksi, laleni nayo.

Mgumu wa Machame

Dada Muuguzi, Mungu akubariki. Wagumu tunalala wengi kwenye hema la jiko kwa sababu ndilo lenye joto, na jiko likiachwa linawaka kidogo "ili tusigande". Hili nitalisoma kwa sauti mbele ya timu yangu Alhamisi getini.

Kijana wa Kambi

Mkuu swali la mwisho, samahani kwa usumbufu. Mayai? Na kama kuni zimelowa Lushoto, maana tunaambiwa mvua ni saa yoyote.

Mgumu wa Machame

Hakuna usumbufu. Yai halina makuu, kiini kinashika chini ya nyuzi 70, hivyo linaiva popote, ni dakika tu zinazoongezeka. Weka mayai kwenye maji ya baridi, yakianza kuchemka hesabu dakika kumi kwa Lushoto. Mimi Horombo nahesabu kumi na tano. Yabebe kwenye unga, yaani yazike ndani ya mfuko wa unga wa ugali, hayapasuki njiani.

Kuni sina uzoefu mkubwa, sisi huko hifadhini kuni haziruhusiwi, tunapikia gesi. Nikushauri la upepo tu, kwa kuwa hilo ni letu sote: sufuria lisilo na mfuniko na lisilo na kinga ya upepo linakula gesi karibu maradufu. Panga mabegi upande upepo unakotoka, ila mbali na moto. Na mkitaka kuokoa kuni, chakula kikishachemka vizuri lifungeni sufuria kwenye blanketi ndani ya kapu, liacheni saa moja mbili. Wali na viazi vinamalizikia humo. Maharage hapana, mpaka yawe yamemaliza ile nusu saa ya mtokoto wa nguvu.

Mvuvi wa Tanga

Kuni zilizolowa, mwanangu, pasueni. Ndani huwa kavu. Na bebeni kumbi za nazi kavu kilo moja, zinawaka hata kukiwa na manyunyu.

Mgumu wa Machame

Wakuu, maharage yangu niliyaloweka jana magharibi, yako jikoni tangu saa kumi na mbili. Nimeangalia saa, nusu saa ya mtokoto imepita zamani, nimepunguza moto. Nimeonja matano kutoka pembe tofauti za sufuria, yote yamebonyea. Nayachuja sasa. Nusu naiweka kwenye ndoo ya baridi kwa usiku wa kwanza, nusu asubuhi naianika bati la banda la kuku kwa kipimo cha Mama Makande, nina jua la Jumanne na Jumatano. Nikishuka lango la Mweka nitawaambia yalirudi laini kwa muda gani.